Jembe la siku ya posho



Sisi wa Lubumbashi Jumamosi tunaiita siku ya posho. Tunalitamka jina hilo tangu utoto, na ni wachache kati yetu wanaouliza limetoka wapi. Lilitoka katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, miaka 4 kabla ya mji wenyewe kuanzishwa. Mwisho wa kila juma mfanyakazi alipewa posho, yaani unga na vyakula vingine vya kumtunza yeye na nyumba yake hadi juma lililofuata. Hivyo siku ikachukua jina la kitu ambacho watu walikuwa wakingoja kukipokea.

Karibu wote waliosimama katika mistari ile ya posho walikuwa wageni. Walitoka Kasai na Maniema, Luapula na Rwanda, Burundi na nchi ambayo leo ni Zambia. Hata Kiswahili tunachosema hapa hakikuwa lugha ya mama ya kabila lolote la wenyeji wa eneo hili. Ni watu waliokutana kazini, kila mmoja na lugha yake, waliokifanya kuwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo tukiuliza ni nani aliyeujenga mji huu, jibu ni kwamba uliinuliwa na watu waliofika bila kumjua mtu.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu mji wetu haujaacha kupokea watu. Treni ya Kasai inayopita Mwene-Ditu na Kamina huwaleta, na malori na mabasi huwaleta pia. Yuko mwanafunzi anayekuja kwenye chuo kikuu, yuko kijana anayetafuta kazi, yuko binti aliyemfuata dada yake aliyeolewa. Swali langu kwenu ni hili: kitu gani kinamgeuza mgeni huyo kuwa mtu wa mji? Wengi watasema ni muda, na wengine watasema ni kupata nyumba. Kwa maoni yangu, ni kazi anayoifanya kwa hiari yake kwa ajili ya watu wasio jamaa zake. Na nafasi bora ya kazi hiyo ni mwisho wa juma, siku ileile ambayo babu zetu waliiita siku ya posho.

Tuanze na nyumba, maana bila nyumba hakuna la kuzungumza. Mtu anapofika mjini, shida yake ya kwanza ni mahali pa kulala. Anatafuta chumba, kisha anatafuta garanti ya miezi kadhaa ambayo mwenye nyumba anaidai kabla ya kumkabidhi ufunguo. Anajifunza ni kisima kipi chenye maji safi, umeme hurudi saa ngapi, makala yanauzwa wapi kwa bei ya kuvumilika. Ni kazi ngumu, na anayeimaliza anastahili pongezi. Baada ya miezi mitatu au minne godoro lipo, meza ipo, sufuria mbili zipo. Jioni anafunga mlango wake kwa ufunguo wake mwenyewe.

Hata hivyo, mtu anaweza kuwa na hayo yote na bado Jumapili alasiri asijue aende kwa nani. Anajua njia ya kwenda kazini na njia ya kurudi. Mji uliobaki ni kelele tu nje ya dirisha lake. Huyo amepata chumba, lakini bado hajapata makazi.

Wengi hutibu upweke huo kwa kuwakimbilia watu wa lugha yao. Silaumu jambo hilo. Vyama vya watu wa asili moja vimezika wafu wetu, vimelipia matibabu, vimesimama mbele ya wakwe pale ambapo kijana hakuwa na mjomba karibu. Lakini anayeishi ndani ya duara hilo peke yake anaweza kumaliza miaka 20 mjini bila kuvuka barabara iliyo mbele ya nyumba yake. Atajua habari zote za kijiji alichokiacha, na hatajua jina la mama anayeuza mboga mlangoni pake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii husemwa kwa kicheko, kana kwamba ni onyo kwa mgeni mvivu. Mimi nasikia ndani yake heshima kubwa. Mgeni anayewekwa kitini kila siku, anayeletewa maji ya kunawa na chakula bila kuguswa na shughuli za nyumba, bado yuko mlangoni. Siku anapopewa jembe ameonyeshwa shamba. Ameambiwa kwamba jua likiwaka litamchoma pamoja na wenyeji, na kwamba mavuno yatamhusu.

Je, jembe la mjini ni lipi? Tuchukue mfano. Tuseme yuko msichana aliyetoka Kamina na kupanga chumba katika komini ya Katuba. Mwezi wa Oktoba umefika, mvua ziko karibu, na mitaro ya maji imejaa mifuko ya plastiki na takataka. Kikundi cha vijana wa parokia kinakutana Jumamosi saa moja asubuhi, wenye mabeleshi wakileta mabeleshi, na mwingine akiazima pusepuse kwa jirani. Msichana wetu anajiunga nao. Kabla ya saa nne amejua mambo ambayo miezi sita ya kupita njiani isingemfundisha: nyumba ipi huingiwa na maji kila mwaka, mzee yupi hawezi kuinua kitanda chake maji yanapoingia, nani ana ufunguo wa bomba, kiongozi wa mtaa ni nani na anakaa wapi. Wakati huohuo watu wa mtaa wamemjua yeye. Kesho yake akipita hataitwa tena yule mpangaji wa uani. Ataitwa kwa jina.

Iko kazi nyingine ambayo naitaja kwa uzito zaidi, kwa sababu inamgusa mgeni moja kwa moja. Katika hospitali zetu nyingi, mgonjwa hupikiwa na jamaa zake. Mama, dada au shangazi hufika na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, na mgonjwa hula kile kilichotoka nyumbani. Kwa mwenye jamaa hilo ni jambo la kawaida. Lakini mfikirieni asiye na mtu mjini. Kitandani kwake hakuna anayefungua sufuria. Anageuza uso ukutani wakati wa chakula ili asionekane akiwatazama wengine. Mara nyingi mtu huyo ni mgeni: mchimbaji mdogo aliyeangukiwa na udongo, dereva wa lori aliyepata ajali mbali na kwao, kijana aliyekuja kutafuta kazi na malaria ikamkuta kabla ya kazi.

Kikundi cha vijana 12 kinaweza kumaliza njaa hiyo katika chumba kimoja cha wagonjwa kila Jumamosi, bila mfadhili yeyote. Huyu analeta unga wa bukari, huyu mboga, huyu samaki wachache, huyu makala ya kupikia. Ziko kanuni chache tu. Mwulizeni muuguzi kwanza mgonjwa anaruhusiwa kula nini. Msiingie wote 12 kwa pamoja kama waliokuja harusini. Mtu mwenye njaa mpeni chakula kabla ya kumpa maneno, hata kama maneno hayo ni mazuri na matakatifu. Msamaria yule wa Injili tunayemtaja kila mara alifunga majeraha kwanza, akamfikisha mtu pa kulala, akalipa gharama. Hatusikii kwamba alihubiri njiani. Na tukumbuke kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kabila lingine.

Sasa niseme jambo ambalo wakubwa hulisahau wanapowaita vijana kwenye huduma: kazi hii inafurahisha. Tumezoea kuisema kwa uso wa huzuni, kana kwamba ni deni la kulipa. Anayetumikia mwisho wa juma anajua raha yake. Iko raha ya kuona maji ya mvua ya kwanza yakikimbia katika mtaro mliouchimbua wenyewe, badala ya kuingia chumbani kwa mzee. Iko raha ya mzaha wa kazini, ya kuimba mkiwa na matope hadi magotini, ya kugawana mikate na chai mkiwa mmechoka. Lakini raha iliyo kubwa kupita zote ni ya kungojewa. Yule mgonjwa wa kitanda cha pembeni huanza kumuuliza muuguzi tangu asubuhi: binti wa Jumamosi amefika? Mtu aliyeondoka kwao, akaacha kila aliyekuwa akimngojea, hupata tena mahali ambapo akichelewa kuna anayeona. Tunapapa mahali hapo jina la nyumbani, hata kama hapana mlango wala paa vyenye jina letu.

Najua yako mapingamizi, na yanastahili kujibiwa kwa haki.

La kwanza hutoka kwa wazee wetu. Wao wakisikia kazi ya pamoja ya Jumamosi wanakumbuka salongo. Wakati wa ukoloni, mkulima wa Kongo alilazimishwa kwa sheria kulima mazao yaliyoamriwa na serikali, hadi siku 60 kwa mwaka. Katika miaka ya 1970, chini ya Mobutu, salongo ilikuwa agizo la utawala, na asiyefika alihesabiwa mkosaji. Watu waliofyeka majani huku wakitazamwa na askari wana haki ya kushuku kila mwito wa beleshi. Kwa hiyo kikundi kinachoita vijana kwenye huduma kisitumie kamwe daftari la kuhudhuria kama kiboko, wala kisimtoze faini asiyekuja, wala kisimwaibishe mbele ya wenzake. Kazi ya kulazimishwa husafisha barabara na kuuchafua moyo. Anayekuja kwa hiari tu ndiye anayerudi Jumamosi inayofuata.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mgeni ni maskini, na Jumamosi ndiyo siku ya kutafuta fedha. Anayeuza maji, anayebeba mizigo sokoni, anayesuka nywele, hana saa za kugawa bure. Ni kweli. Huduma isiwe mchezo wa walioshiba, na isimpokonye mtu chakula cha watoto. Ndiyo maana nashauri kazi ndogo yenye saa maalumu: saa mbili kwa juma, au Jumamosi moja katika mbili. Anayeweza saa moja tu, saa yake iheshimiwe sawa na ya anayeweza siku nzima. Pia tusisahau kwamba maskini wa mtaa wanasaidiana tayari kila siku bila kujisifu. Mama anayemwangalia mtoto wa jirani wakati jirani yuko sokoni amekwisha kujitolea, hata kama hajavaa fulana yenye nembo.

Pingamizi la tatu linatuhusu sisi vijana wenyewe. Miaka mingi ya vita na misaada imetuzoesha, hasa mashariki ya nchi, kuona kujitolea kama ngazi ya kupandia. Kijana anajiandikisha akiuliza posho ya siku ni kiasi gani, na kama hakuna, kama kutakuwa na cheti. Wengine hufika na simu tayari mkononi, wanampa mjane kilo moja ya mchele huku wenzao wakipiga picha, kisha hawaonekani tena hadi Noeli ijayo. Siwahukumu wanaotafuta riziki katika mashirika. Kazi ni kazi, na ilipwe vizuri. Lakini tusiviite vitu viwili kwa jina moja. Anayejitolea hurudi hata siku ambayo hakuna kamera. Na mgonjwa asipigwe picha. Uso wake ni mali yake.

Kwa wanaotaka kuona huduma ya namna hiyo inaweza kumfikisha mtu wapi, Kongo ina shahidi wa karibu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Akiwa mwanafunzi wa sheria alijiunga na jumuiya ya Sant'Egidio, akawa rafiki wa watoto wa mitaani, wale ambao kule wanaitwa maibobo. Watoto hao hawakuwa na mtu wa kuwauliza wamelala wapi. Yeye na wenzake waliwapa muda wao, chakula na masomo. Baadaye alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Huko alitakiwa kuruhusu vyakula vilivyoharibika vipite, akaahidiwa fedha, akakataa. Mwezi wa Julai 2007 aliuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa mwenyeheri.

Tunapomsifu kwa kukataa hongo, tuangalie pia yaliyotangulia. Kwa maoni yangu, kukataa kule hakukuanza mpakani. Afisa asiyemjua maskini hata mmoja kwa jina huona mbele yake magunia na karatasi za kutia sahihi. Aliyekaa na watoto wa mtaani huona vinywa vitakavyokula vyakula vile. Huduma ya saa za mapumziko ilikuwa imemfundisha macho ya kutumia siku za kazi. Ndiyo sababu sikubali kwamba mambo haya ni ya kupitisha wakati tu. Mji unahitaji mahakimu, wauguzi, wafanyabiashara na walimu ambao ujana wao ulipitia katika mitaro na vyumba vya wagonjwa.

Hadi hapa nimesema na mgeni. Sasa niseme na sisi wenyeji, au tuseme wageni wa zamani, kwa kuwa sehemu kubwa ya wajibu iko kwetu.

Katika vikundi vyetu tunajua kukaribisha kwa siku moja. Mgeni anasimamishwa mbele, anajitambulisha, anapigiwa makofi, pengine anaimbiwa. Kisha anarudi kwenye benchi la nyuma, na miezi sita baadaye bado anaitwa mgeni. Majukumu yote yako mikononi mwa watu walewale waliokua pamoja, walioungana tangu kipaimara. Tunamnyima jembe, halafu tunashangaa kwamba hajalima.

Jambo hili si la adabu ya kikundi tu. Katika Katanga tunajua gharama yake. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapahapa, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Waliacha nyumba na kazi, wakalala vituoni kwa majuma na miezi wakingoja treni, na wengi walifia njiani. Waliowafukuza walikuwa majirani waliokuwa wameishi nao, wakasoma nao, wakachota nao maji. Maneno yaliyotangulia mabaya hayo yalikuwa mepesi sana masikioni: huyu si wa hapa. Hata leo, fedha zinapopungua na wizi unapoongezeka, maneno hayo husikika tena sokoni na ndani ya mabasi. Hatuwezi kuyazima kwa hotuba za umoja peke yake. Ni vigumu zaidi kumwita mtu mvamizi ikiwa Jumamosi iliyopita mlishika naye pusepuse moja, yeye mkono wa kushoto na wewe wa kulia. Sidai kwamba beleshi linazuia siasa mbaya. Nadai kwamba siasa mbaya hupita kwa urahisi zaidi pale ambapo watu hawajuani.

Basi nashauri mambo matatu, yote madogo. Kwanza, kila kikundi kiwe na kazi moja ya kudumu, mahali pamoja, saa ileile. Mgonjwa na mzee wanahitaji uaminifu kuliko sherehe kubwa ya mara moja kwa mwaka. Pili, anayefika leo apewe kazi kabla ya juma la tatu, na iwe kazi halisi: kutunza funguo za ghala la mabeleshi, kununua mboga, kuwapangia zamu wanaokwenda hospitali. Aaminiwe na fedha kidogo, na atoe hesabu kama wengine. Tatu, zamu zichanganye watu. Wawili wa lugha moja wasitumwe pamoja kila mara. Mwenyeji aende na mgeni, ili mmoja aoneshe njia na mwingine aone kile ambacho mwenyeji amekizoea hadi hakioni tena. Maana hiyo nayo ni zawadi ya mgeni: ndiye anayeuliza kwa nini mtaro huu huachwa hivi kila mwaka, wakati sisi tumekwisha kukubali mafuriko kama desturi.

Na wewe uliyefika juzi, usingoje mwaliko ulioandikwa. Uliza mahali wanapokutana, fika mapema, shika kilicho karibu na mkono wako. Huhitaji kujua Kiswahili cha hapa vizuri; utakijifunza kwa kusema lete, shika, pole, asante. Utakosea na watakucheka kidogo, nawe utawacheka watakapojaribu kutamka salamu za kwenu.

Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kuzungumza juu ya nyimbo na fulana za sikukuu, andikeni kwenye karatasi majina ya wote waliojiunga tangu mwaka uanze. Mbele ya kila jina andikeni kazi aliyokabidhiwa. Jina ambalo mbele yake hamna kitu, mwenye jina hilo atembelewe juma hilohilo, naye aambiwe Jumamosi mnakutana wapi, saa ngapi, na ni beleshi gani litakalomngoja.